Kompyuta Mmeleta, Mkutubi Mmemuuliza?

Haya jamani, leo nina donge kooni na nisipolitema litanikaba.

Ukizunguka shule zetu huku Serengeti, omba kuona maktaba. Kwanza utatafutwa ufunguo. Ufunguo anao mwalimu wa maktaba. Naye mwalimu wa maktaba yuko darasani na chaki mkononi, maana umaktaba ni jina tu alilobandikwa juu ya vipindi vyake vyote. Sasa omba kuona kompyuta. Hadithi ni ile ile, ila ufunguo huu anao mkuu wa shule.

Katika shule moja (sitaitaja) nilizikuta kompyuta zimefunikwa vitambaa kama maharusi, na vumbi juu ya vitambaa. Nikamuuliza mwalimu wa maktaba alishirikishwaje zilipokuja. Akacheka. "Mdogo wangu, mimi niliitwa siku ya kupiga picha na wafadhili."

Siku ya kupiga picha!

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mipango ya TEHAMA mashuleni inapangwa na kila mtu isipokuwa yule anayejua watoto wanasoma nini. Mfadhili yupo, halmashauri ipo, afisa ugavi yupo, fundi wa nyaya yupo. Mkutubi? Ataletewa maboksi ayapangie kona.

Nichukue Ikoma kama mfano. Vijiji kama Robanda, Nyichoka na Park Nyigoti vimo ndani ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, jina lililounganishwa kutoka Ikoma na Nata. Mahoteli ya kitalii yanalipa, vijiji vinapata mgao. Ni fedha za watu wanaolala wakiwaza tembo ameingia shamba la nani. Basi mgao huo, au fedha ya mfadhili, ikinunua kompyuta ambazo mtoto hazigusi, aliyepoteza ni mama aliyekosa mtama wake, si mfadhili aliyesharudi kwao.

Na mtoto wa Ikoma yukoje? Nyumbani anaongea Kiikoma. Shuleni anakutana na Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anatupiwa Kiingereza karibu masomo yote. Sasa wewe unamletea kompyuta iliyojaa maandishi ya Kiingereza cha Marekani halafu unashangaa anachezea picha! Mkutubi angekuambia mapema. Angefungua daftari lake la kuazimisha akuonyeshe kitabu gani kimechakaa kwa kusomwa na kipi hakijaguswa tangu kije. Angesema, hapa tuanze na Wikipedia ya Kiswahili, tuipakue yote kwa programu ya Kiwix ambayo haihitaji intaneti, kwa sababu mtandao huku ni wa kubahatisha. Angekumbuka pia kwamba kuna vijitabu vya Kiikoma vilivyotokana na mradi wa lugha za Mara ulioko Musoma. Afisa ugavi hawezi kujua hayo. Simlaumu, si kazi yake.

Tusijifanye kwamba hatuna vitu. Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi iliandikwa tangu 2007. Baada ya sensa ya Agosti 2022 serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Jambo zuri kabisa, napongeza. Lakini nani atamwonyesha mtoto wa kidato cha pili namna ya kukitafuta kitabu humo? Nani ataandika kishikwambi kipi kimeazimwa na nani, kirudi lini? Nani atamfundisha kwamba si kila kinachotokea kwenye kioo ni kweli? Hiyo kazi ina jina. Inaitwa ukutubi.

Peru walitutangulia kupigwa bakora hii. Waligawa kompyuta mpakato kwa maelfu na maelfu ya watoto wa vijijini. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika wakatoa matokeo kutoka shule 319: kompyuta ziliongezeka, lakini alama za hesabu na lugha hazikusogea. Utafiti ule haukupima wakutubi, nisiwadanganye. Lakini funzo liko wazi: kifaa peke yake hakifundishi.

Tena sisi watu wa Mara hatukuhitaji kwenda Peru kujifunza. Mwaka 1968 mradi wa kisomo wa UNESCO ulianza Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 67, na kufikia 1977 serikali ilihesabu asilimia 27. Waliojua kusoma wasisahau, zikaanzishwa maktaba za vijiji, na Mwanza likachapwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Wazee wale walielewa kwamba kitabu bila mtu wa kukitunza na kukiazimisha ni chakula cha mchwa. Maktaba ya kijiji ikawa na mtu wake. Leo tuna vioo vya kugusa, mtu hatuna!

Najua mtaniambia: shule haina mwalimu wa hesabu wa kutosha, wewe unadai mkutubi? Hoja nzito hiyo, siikimbii. Lakini kama fedha ya kompyuta ishirini ilipatikana, nunueni kumi na tano. Zinazobaki mpunguzieni mwalimu wa maktaba mzigo kwa kumlipa posho kijana wa hapo kijijini aliyemaliza kidato cha sita na yuko nyumbani. Mpelekeni akasome cheti Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi cha Bodi ya Huduma za Maktaba. Kompyuta kumi na tano zinazotumika zinazishinda ishirini zilizofunikwa vitambaa.

Ninachodai ni kidogo. Mwalimu wa maktaba akae kwenye kikao cha kwanza cha mpango wa TEHAMA, kabla bei haijaulizwa. Apunguziwe vipindi. Na mfadhili akija na maboksi, bodi ya shule imuulize swali moja tu: nani ataifungua hii asubuhi, nani ataifunga jioni, na katikati ya hapo atamsaidia nani?

Kama hana jibu, ashukuriwe kwa heshima zote, na apewe maji ya kunywa. Maboksi yasubiri kwanza.

Naomba kutoa hoja.