Sungura Mgonjwa: Tumtibu au Tumpumzishe?
Sungura haugui kwa kelele. Mnyama anayewindwa huficha maumivu, kwa hiyo ukimkuta amejikunyata pembeni, anasaga meno na hajagusa majani tangu jana, huenda utumbo umesimama: mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usingoje kesho. Kwa upande mwingine, kichwa kupinda, ingawa kunatisha zaidi, si hukumu ya kifo. Wapo wanaopona kwa wiki kadhaa za dawa na kulishwa kwa mkono. Basi tusiamue kwa macho, wala kwa bei ya sungura mwingine sokoni. Muulize daktari: atakula mwenyewe tena? Maumivu yatatulizwa? Akijibu hapana mara mbili, sindano ya mwisho ndiyo huruma. Kumng'ang'ania ni kujihurumia sisi wenyewe.