Polisi Hawa Waliundwa Hivi

Tangu kipindi chetu kuhusu maandamano ya Kenya, swali moja linarudi kila siku kwenye jumbe zenu: kwa nini serikali iliwapiga risasi vijana waliobeba bendera na chupa za maji? Wengi mmejijibu wenyewe: ni Ruto. Mimi naona jibu hilo ni fupi mno. Ruto ana lake la kujibu, tena kubwa. Lakini hata akiondoka kesho, bunduki zitabaki, sheria zitabaki, na mazoea yatabaki. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Basi tuulize: nani aliunda?

Kwanza tukumbuke kilichotokea. Tarehe 25 Juni 2024 vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo na waliomaliza chuo bila kupata kazi, waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Walifika hadi bungeni, na polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Ruto aliuondoa mswada, lakini kuua hakukukoma. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai, na baadaye idadi ikapita 60. Mwaka uliofuata, siku ya Saba Saba peke yake, watu zaidi ya 30 walikufa.

Sasa twende nyuma miaka mia moja, kwenye barabara moja tu ya Nairobi. Leo inaitwa Harry Thuku Road. Hapo kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna kituo cha polisi cha Central, na kuna hoteli ya Norfolk. Machi 1922 Thuku alikamatwa kwa sababu alipinga kodi, kipande, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Tarehe 16 watu walikusanyika nje ya kituo kudai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa Norfolk nao wakafyatua. Serikali ya kikoloni ilikubali vifo 21, wengine walihesabu zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, alikuwa kati ya waliouawa. Wanafunzi wanaokimbia vitoza machozi hapo leo wanakimbia juu ya ardhi ile ile.

Polisi wa mkoloni hawakuwekwa kumlinda mwananchi. Kazi yao ilikuwa kulinda shamba la mzungu, kodi ya serikali, na utulivu wa mji. Sheria ya Utengamano wa Umma, ile inayomtaka mtu atoe taarifa kwa polisi kabla ya mkutano, ni ya 1950. Kikosi cha GSU kilipata umbo lake miaka ile ile, wakati wa vita vya Mau Mau.

Uhuru ulipofika 1963, Kenyatta angeweza kuivunja mashine hiyo. Hakuivunja, manake iligeuka kuwa yake. Mwaka 1969 wanafunzi waligoma baada ya Odinga kuzuiwa kuzungumza chuoni, na chuo kikafungwa. Mwaka 1975 J.M. Kariuki aliuawa, wanafunzi wakaandamana, wakakutana na marungu.

Moi naye akaendeleza. Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Agosti mosi wanajeshi wa anga walijaribu kumpindua, na baadhi ya wanafunzi wakatoka kushangilia. Chuo kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Mwenyekiti wa wanafunzi, Titus Adungosi, alifungwa miaka kumi na akafia gerezani 1988. Kuanzia 1984, kabla ya kuingia chuo kikuu ulipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, ati utiwe adabu. Halafu Jumapili tarehe 10 Februari 1985, wanafunzi walikuwa wamekusanyika kwa maombi kwenye uwanja wa michezo wa chuo, baada ya viongozi wao kufukuzwa. Polisi waliwavamia. Serikali ilikiri kifo kimoja, na wengi waliumizwa.

Kwani kwa nini wanafunzi? Fikiria. Bunge lilikuwa limenyamazishwa, vyama vimepigwa marufuku, vyama vya wafanyakazi vimewekwa mfukoni. Mwanafunzi alikuwa bado hana shamba la kunyang'anywa wala tenda ya kunyimwa. Aliishi bwenini pamoja na maelfu ya wenzake, na alisoma. Yeye ndiye aliyebaki kuwa upinzani. Na serikali iliyomsomesha ilimwona kama mtoto asiye na shukrani, na mtoto kama huyo huchapwa.

Utasema katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Ilibadilisha, tena sana. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Jeshi la polisi likaitwa Huduma ya Polisi, na mamlaka ya kuwachunguza ikaundwa. Lakini sheria ya 1950 bado inatumika, na GSU ipo. Julai 2025 rais mwenyewe alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni. Hayo si maneno ya nchi iliyosahau ukoloni. Jina lilibadilika, mazoea yakabaki.

Hapa ndipo sisi wa DMV tunaingia. Mei 2024 Ruto alikaribishwa White House kwa heshima zote. Tarehe 24 Juni Kenya ikatangazwa rasmi kuwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO. Kesho yake, siku ile ile damu ilipomwagika Nairobi, polisi 400 wa kwanza wa Kenya, wakiwemo wa GSU, walitua Haiti, na Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa wa kazi hiyo. Kodi yangu na yako imo humo.

Kuna sheria hapa inayobeba jina la Seneta Patrick Leahy. Inakataza Marekani kukisaidia kikosi cha kigeni ambacho kuna ushahidi wa kuaminika kwamba kimekiuka vibaya haki za binadamu. Kwa hiyo wewe wa Maryland au Virginia, mwandikie seneta wako umuulize: ni vikosi gani vya Kenya vimechunguzwa tangu Juni 2024, na matokeo ni nini? Nyinyi wa D.C. mjumbe wenu hana kura, lakini barua yenu atasoma.

Na moja zaidi. Baba yangu hadi leo hupunguza sauti akizungumzia siasa, hata akiwa sebuleni kwake Silver Spring. Wengi wenu mna mzazi kama huyo. Tusiwacheke, wala tusiseme ni waoga. Walikuwa na umri wa wanafunzi hawa wakati Moi anafunga vyuo, na walijifunza kunyamaza ili waishi. Muulize mzee wako alikuwa wapi mwaka 1982 au 1985, umpe muda, usimkatize. Kisha umweleze kwa nini wewe hutanyamaza.