Mngepiga hodi kwanza
Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa kituo chetu cha redio, Singida

Ndugu Mkurugenzi,

Umenizidi umri, kwa hiyo naandika kwa adabu, ila sitakuficha kwamba nina hasira.

Jumapili saa 1:30 usiku, tukiwa tunakula, mlirusha mchezo wa kuogofya kuhusu watu-simba. Hatukuambiwa kinachokuja. Tulisikia ngoma, kisha mngurumo, kisha msichana akilia ndani ya shamba la mtama. Mama akarudisha tonge sahanini. Tangu usiku ule halali.

Historia hii mnaijua, ndiyo maana mmeitungia mchezo. Mwaka 1946 na 1947 watu wa Unyaturu waliuawa ikadhaniwa ni simba, mpaka binadamu wakashtakiwa na wengine wakanyongwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider aliichambua upya kwa wasomi. Kwa mama haihitaji kuchambuliwa. Alikuwa na miaka 6 dada yake alipokwenda kurudisha mbuzi, asirudi. Maisha yangu yote sijamsikia mama akitamka neno simba. Husema "yule wa porini".

Sasa halali. Anaketi kitandani mpaka majogoo, taa inawaka, sikio mlangoni. Mwezi uliopita alikuwa akienda chooni usiku peke yake na tochi yake. Leo ananiamsha nimshike mkono. Mjukuu wangu ameanza tena kukojoa kitandani. Mzee mmoja kijijini ananyooshewa kidole kwamba ni mtu-simba.

Mtangazaji wenu aliniambia kwa simu kwamba tahadhari huondoa utamu wa hadithi. Mama yangu halali, ndugu yangu. Kanuni za maudhui za mwaka 2018 zinawataka mlinde watoto. Na aliyenusurika ndani ya hadithi yenyewe, nani anamlinda?

Siombi mchezo ufutwe. Nazipenda hadithi za kutisha, na hii inastahili kusimuliwa. Naomba sentensi moja kabla ya ngoma: mchezo huu unatokana na mauaji yaliyotokea hapa, na mtoto anauawa. Ningeizima redio.

Wala si ninyi peke yenu. Kwenye mabasi yetu filamu za kafara ya viungo vya watu huwashwa asubuhi, na mama aliyempakata mtoto mwenye ualbino amelipa nauli kama wengine. Tunatengeneza burudani kwa misiba ya watu, tunaingia kwao bila hodi.

Mmetangaza sehemu ya pili Jumapili hii. Yetu nitaizima, lakini jirani hufungulia yake kwa sauti kubwa. Nahitaji jibu kabla ya siku hiyo. Mama halali.