Dosie ya ardhi si siri ya konservateri

Wandugu raia wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi na fasi zote ambako parseli moja inauzishwa mara mbili,

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Sisi raia tunabaki na haki ya kuutumia tu, na haki hiyo inaonekana kwa karatasi moja: sertifika ya konservateri. Sasa nenda kwa biro, uliza dosie ya parseli yako. Utajibiwa: « Dosie haiko. » « Mkubwa hayuko, rudia kesho. » Ama lile jibu linalotukasirisha kupita yote: « Ile ni siri ya Serikali. »

Siri gani? Nani aliamua ni siri, siku gani, kwa sheria gani? Hakuna anayejibu. Na siri yenyewe inafunguka mara moja mtu akitoa matabishi!

Hii si mambo ya makaratasi tu. Sheria ile ile inasema sertifika ikimaliza miaka 2, haishambuliwi tena. Eleweni vizuri: mtu anatengenezewa sertifika juu ya kiwanja cha mama mjane, dosie inafungiwa kabatini, miaka 2 inapita, na wizi unavaa nguo ya haki. Muda unahesabiwa, lakini mwenye kuibiwa hajui hata kama umeanza. Kabati ile ni silaha.

Tusiambiwe eti Serikali haina desturi ya kutangaza. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Dekre ya tarehe 20 Mei 2011 iliamuru mikataba ya mali asili itangazwe ndani ya siku 60. Kama mkataba wa kampuni kubwa ya madini unapashwa kuonekana, parseli ya mama muuza sambaza inafichwa juu ya nini?

Tunadai kila ombi la sertifika mpya libandikwe mlangoni pa biro na kwenye komine, mbele ya kutia sahihi. Kitabu kionyeshwe kwa bei iliyoandikwa ukutani. Afisa anayekataa aandike sababu, na jina lake chini.

Kwa kungojea hayo, usiende kuuliza kwa mdomo. Andika barua, ipigwe muhuri ya kupokelewa, kopi uitunze nyumbani. Wakikataa kupiga muhuri, utuite: tutarudi kule pamoja.