UCHAMBUZI: Vikao vya kaunti virejeshwe nyumbani

IMEKUWA desturi kwa madiwani wa kaunti mbalimbali kufunganya virago na kuelekea hoteli za Mombasa au Naivasha kila kunapozuka mswada mzito au makadirio ya bajeti. Hoja yao ni kwamba wanahitaji utulivu.

Hata hivyo, mkulima wa Busia au mfugaji wa Turkana hana nauli ya kumfuata mwakilishi wake hadi ufuoni mwa Bahari Hindi. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinayaagiza mabunge ya kaunti kuendesha shughuli kwa uwazi, na kuandaa vikao vyao na vya kamati zao hadharani. Mlango ulio wazi mamia ya kilomita kutoka kwa mpigakura hauna tofauti na uliofungwa.

Historia inatufunza kuwa mahali pa kikao huamua nani atasikika. Katiba ya uhuru ilijadiliwa Lancaster House, London, mwaka wa 1960, 1962 na 1963, mbali na macho ya raia. Wajumbe 629 walipokutana mwaka wa 2003 kuandika katiba mpya, waliketi Bomas of Kenya jijini Nairobi, penye nyumba za kiasili za jamii zetu. Rasimu waliyoipitisha Machi 2004 ingali inajulikana kwa jina la mahali hapo.

Wapo watakaodai kuwa miji midogo haina kumbi za hadhi. Dai hilo halina mashiko. Kongamano la Ugatuzi la 2018 liliandaliwa katika Shule ya Upili ya Kakamega, na la 2019 katika Chuo Kikuu cha Kirinyaga. Ikiwa magavana waliweza kukutana humo, diwani atashindwaje?

Isitoshe, kikao kinapofanyika nyumbani, pesa za chakula, malazi na mahema humfikia mama wa mkahawa, mwenye gesti na kijana wa bodaboda. Hao ndio walipaji ushuru wa kaunti.

Hakuna anayewanyima madiwani mafunzo wala mapumziko. Lakini shughuli za kuamua matumizi ya fedha za umma zifanyiwe pale umma unapoishi, na kamati inayotaka kusafiri itangaze kwanza sababu na gharama. Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa.