Simu Chini ya Mto wa Mtoto

Juma lililopita mama mmoja alitufikishia swali ambalo twadhani si lake peke yake. Humlaza mwanawe kwa kisomo cha Qur'ani kitokacho katika simu aliyoiweka chini ya mto. Mavyaa wake hakubali. Muuza simu naye alimwambia asihofu, simu imepimwa, atazame alama ya CE iliyo nyuma yake. Amsikize nani?

Tuanze na alama. CE hutiwa na mtengenezaji, akitangaza kwamba bidhaa yake yatimiza sheria za Ulaya. Ni kauli yake, wala si muhuri wa serikali. Mara nyingi kauli hiyo ni ya kweli. Lakini aliyeweza kughushi simu nzima hashindwi na herufi mbili.

Upimaji wenyewe ni wa kustaajabisha. Huundwa umbo la kichwa cha mtu, likajazwa maji yaliyochanganywa, mara nyingi kwa sukari na chumvi (vitu tuvijuavyo jikoni!), ili yapokee mawimbi ya redio kama mwili uyapokeavyo. Simu huwashwa kwa nguvu zake zote na kuegemezwa sikioni mwa umbo hilo, kisha kijiti chembamba cha kupimia hutumbukizwa majini na kutembezwa hatua kwa hatua. Kwa Ulaya, mpaka ni wati 2 kwa kila kilo ya mwili kwa kichwa na kiwiliwili, na wati 4 kwa mikono na miguu.

Septemba 2023, wakala wa Ufaransa unaosimamia masafa ya redio ulitangaza matokeo ya simu ulizozipima wenyewe. iPhone 12, pamoja na alama zake zote, ilifika wati 5.74 katika kipimo cha mikono na miguu. Uuzaji ukasimamishwa nchini humo, na kampuni ikarekebisha programu. Aliyekuwa nayo asishtuke: mpaka umewekwa chini sana ya kiwango kinachojulikana kudhuru. Lakini kosa lilionekana kwa sababu kuna aliyepima, hakutosheka na kusoma alama.

Kwetu Kenya, simu yatakiwa iidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa, na mwaka 2012 simu bandia zilizimwa mitandaoni. Ukibonyeza *#06# itatokea nambari ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo sandukuni. Haikupimii mawimbi, ila zikitofautiana, usiinunue.

Mavyaa basi ana hoja, ingawa kisomo si lazima kinyamazishwe. Mawimbi hupungua upesi kwa umbali. Simu na iwekwe mezani, mbali na kitanda. Afadhali zaidi, kisomo kihifadhiwe ndani ya simu, kisha iwekwe katika hali ya ndegeni: itaendelea kusoma bila kuwasiliana na mtandao. Na chini ya mto isirudi, hata ikiwa halisi, kwani simu hupata joto, na mto hulizuia joto hilo lisitoke.