Stoo ya kukodi: Angalia bati, ukuta na nguo za mtoto

Familia inayohamia Dodoma kikazi, au inayosubiri nyumba yake iishe kujengwa, mara nyingi hukodi stoo jijini Dar es Salaam kuhifadhi vitu. Swali la kwanza huwa bei, la pili kufuli. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga au mwenye pumu, hayo mawili hayatoshi.

Joto la jiji hili huja na unyevu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, godoro lililofungiwa chumba kisichopitisha hewa huota ukungu, na ukungu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu. Nenda ukaione stoo siku moja baada ya mvua kubwa. Nusa. Tazama ukuta karibu na sakafu: mstari wa kahawia ni alama ya maji yaliyowahi kuingia. Waulize majirani, si mwenye stoo, maji hupita wapi. Jirani na Bonde la Msimbazi, hata bei iwe ya kutupa, achana nayo.

Bati lisilo na dari hugeuza chumba kuwa tanuri ifikapo saa sita mchana. Dawa nyingi za nyumbani huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, hivyo zisiingie humo kabisa, wala maziwa ya kopo. Mtungi wa gesi na mafuta ya taa ndiyo usithubutu. Godoro lianikwe mpaka likauke, kisha lilazwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta.

Lakini hatari inayosahaulika zaidi iko kwenye sanduku la nguo za mtoto. Wengi huzitia naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, kwa ajili ya mdogo wake atakayezaliwa. Mvuke wake hubaki kwenye nguo na mablanketi. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayoonekana zaidi kwa wavulana na katika maeneo yenye malaria, kwetu pakiwemo. Mtoto huyo akivuta mvuke wa naftalini, chembe zake nyekundu za damu huweza kuvunjika: hupauka, macho huwa ya njano, mkojo huwa kama chai ya rangi. Kwa mtoto mchanga, manjano yakizidi hudhuru ubongo. Dalili hizo ni za kukimbilia hospitali, usiku huo huo.

Kwa hiyo nguo zifuliwe, zikauke, zipigwe pasi, ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, bila kidonge chochote. Zilizokwisha kukaa na naftalini, kufua mara moja hakutoshi. Bora mchanga atafutiwe nyingine.

Na kabla ya kulipa, mkubaliane kwa maandishi nani atabeba hasara bati likivuja, na kwamba mtaruhusiwa kufungua na kupitisha hewa kila mwezi. Mwenye stoo akigoma hilo la pili, tafuteni kwingine.